TAHADHARI: "Ruzuku" ya kompyuta kwa wanafunzi wenye ulemavu. Tumeshalizwa, msifuate

Walimu wenzangu na wote mnaoendesha vidarasa vya kompyuta mitaani, hasa mikoani: kuna watu wanapita kwenye makundi ya WhatsApp ya asasi wakijiita wakfu wa elimu jumuishi kutoka Ulaya. Salamu yao ni "Hongera mdau wa elimu jumuishi". Jina silitaji, maana wanalibadilisha kama shati. Nataja mbinu, kwa sababu mbinu ndiyo ileile.

Sisi tuna chumba kimoja na kompyuta saba, mbili mbovu. Jumamosi na Jumapili tunafundisha wanafunzi wasioona na mabinti waliorudi shule baada ya kujifungua. Hao mabinti Serikali iliwafungulia mlango Novemba 2021, lakini wengi wanarudi hawajawahi kushika hata kipanya. Mwezi wa tatu nikatumiwa fomu. Sikushtuka, maana Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka kompyuta na vifaa hata kwenye shule zenye wanafunzi wenye ulemavu, kwa hiyo habari ya ufadhili wa namna hii si ngeni. Nikaandika andiko la mradi usiku nne mfululizo. Baada ya siku tano, jibu: tumepata shilingi milioni 46.

Siku tano! Mwenye kuwahi kuomba ruzuku ya kweli anajua hapo pangetosha. Lakini mtu mwenye njaa hahesabu siku.

Kwanza wakataka shilingi 385,000 za "uhakiki wa asasi". Tukalipa kwa lipa namba, na jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la duka la vipodozi. Mtunza hazina wetu, mama mtu mzima, aliniuliza, "Mwalimu, wazungu wanauza mafuta ya nywele?" Nikamwambia ni wakala wao. Nilijibu hivyo mimi mwenyewe, wala hakuna tapeli aliyenifundisha.

Kisha ikaja bajeti waliyoiidhinisha. Naisoma kwa sauti darasani ili vijana wafurahi, nikafika kwenye mstari wa "leseni 20 za NVDA", kila moja dola 95. Kijana mmoja asiyeona akanikata kauli: "Mwalimu, NVDA imeanza kuuzwa lini?" Kwa msioijua, NVDA ni programu inayomsomea asiyeona kilichoko kwenye skrini. Walioianzisha mwaka 2006 ni vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wasioona, na wakaitoa bure makusudi ili asiye na hela asiachwe nje. Mfadhili wa elimu ya kidijitali kwa wasioona asiyejua hilo ni sawa na muuza samaki asiyejua dagaa. Nikamwambia yule kijana labda ni toleo la mashirika. Bado naona aibu.

Awamu ya pili ilikuwa 620,000, eti kodi ya zuio ilipwe kwanza ndipo fedha ziachiwe. Hili lishikeni vizuri: kodi ya zuio hukatwa na anayekulipa, naye huiwasilisha TRA. Hakuna mtu anayeitanguliza mfukoni kwake ili apokee hela. Na malipo ya Serikali huja na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoanza na 99, si namba ya simu ya mtu. Mama mtunza hazina alikopa kausha damu kuongezea. Jumla imetoka 1,005,000, na riba bado inakimbia.

Nilipowaambia kwamba ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 mkataba wake lazima ufike kwa Msajili wa NGOs, wakawa wakali: tusipeleke popote, "watatuchelewesha". Ndipo nilipoangalia tarehe ya kusajiliwa kwa tovuti yao, kazi ya dakika mbili ambayo ningeifanya mwanzo. Ilikuwa na siku 19. Wenyewe wanadai wanafadhili tangu 2009.

Hela inauma, lakini si ndiyo inayoninyima usingizi. Walitaka majina ya wanafunzi, shule zao, na picha "zinazoonesha ulemavu wazi". Nikatuma picha 14. Mwezi wa tano rafiki akaniletea ukurasa unaochangisha fedha nje ya nchi, na juu kabisa yupo binti yetu na mtoto wake mgongoni. Nimelazimika kwenda kwao kumweleza mama yake. Ruzuku ya kweli inaweza kuomba idadi ya wanafunzi na hali zao kwa ujumla. Anayeng'ang'ania sura na majina ya watoto kabla hata ya mkataba, mfungie namba. Kama mmeshatuma, andikeni malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ipo tangu 2022 na watoto wamo.

Polisi tumefungua jalada, RB tunayo. Ujumbe wao tumeutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu; ukituma utaulizwa namba ya tapeli, nawe unaitaja. Fanyeni hivyo hata kama hamkulipa kitu, wenzenu wako kwenye foleni.

Jambo la mwisho, la juzi Alhamisi. Amenipigia "mwanasheria", anasema wamewakamata hao watu na fedha zetu zinarudi, ila nitume 90,000 za kufungua faili. Nilikuwa darasani, nimeweka sauti ya nje. Kabla sijafungua mdomo, yule kijana wa NVDA akasema, tena bila kunong'ona: "Huyo ni yule wa kodi."

Simu ikakatwa.