Neema Crafts ya Iringa: uzoefu wangu nikiwa mteja

Wasafiri wengi wa Dar kwenda Mbeya wanaijua Iringa kwa Ipogolo tu, kule bondeni. Nawashauri wapande kilima waingie mjini, waulize Neema Crafts. Ni karakana ya sanaa za mikono ambayo mafundi wake ni watu wenye ulemavu, ina duka na mgahawa, na mimi ni mteja wao wa kurudi.

Mara ya kwanza nilifuata kitabu cha wageni kwa ajili ya harusi ya dada yangu mdogo. Nilikuwa nimesikia habari ya karatasi ya kinyesi cha tembo, na ndiyo kazi iliyoanzisha karakana yenyewe. Mwaka 2003 Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, aliianza na vijana watatu viziwi, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Tembo hula sana lakini tumbo lake halimeng'enyi hata nusu ya alichokula, kwa hiyo kinyesi chake kimejaa nyuzinyuzi za majani na magome. Kinaoshwa, kinachemshwa mpaka vijidudu vife, kinapondwa kuwa rojo. Rojo linatandazwa juu ya wavu, maji yanachuja, karatasi inakaushwa. Haina harufu hata kidogo, maana najua hilo ndilo mtakalouliza kwanza. Ukiishika dhidi ya mwanga unaziona nyuzi zenyewe, na hakuna kurasa mbili zinazofanana. Kwa kuwa uso wake una mparuzo, tumieni kalamu ya kawaida ya wino mzito. Kalamu ya wino mwepesi husambaa.

Bei ni kubwa kuliko ya daftari la dukani, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, moja moja. Nasisitiza kwamba unalipia kazi, siyo huruma, kwa sababu niliwahi kununua mkoba kwenye duka la zawadi katika mji mwingine, umebandikwa kikaratasi kikubwa kinachotangaza kwamba umeshonwa na mlemavu. Zipu iliachia mapema. Sikuurudisha, kwa sababu kikaratasi kile kilikuwa kimeshanifanya mfadhili badala ya mnunuzi, na nani anamdai mtu anayemfadhili? Huko ni kumvunjia fundi heshima yake. Kwa Neema nimekagua mishono, nimevuta nyuzi za mifuko iliyofumwa, nimeuliza kama rangi inachuja, kama ninavyomfanyia fundi yeyote. Kazi ni imara. Nimeinunua kwa sababu ni nzuri.

Mgahawani nilikwenda na binti wa dada yangu mkubwa, ambaye ni kiziwi. Wahudumu pale ni viziwi. Mteja asiyejua lugha ya alama anaandika anachotaka kwenye karatasi, na ukutani kuna picha za alama za kujifunzia. Binti yetu hakuhitaji karatasi. Aliagiza mwenyewe, kisha mazungumzo yakanoga kati yake na mhudumu, mikono inakwenda kasi kuliko macho yangu. Kila tunapokwenda mahali, mimi ndiye humsemea. Siku hiyo nilikaa nikisubiri anitafsirie. Aliponigeukia akaniambia, "Mjomba, anauliza kama wewe ni mgeni."

Bado nalifikiria swali lile, maana pale mgeni nilikuwa mimi, siyo yeye, na ningependa asiwe mgeni kazini pia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia tatu wenye ulemavu. Binti huyu amefika umri wa kuulizia kazi, na tangu siku ile haniulizi tena kama kuna mahali watamkubali. Ananiuliza ufumaji unajifunzwa kwa muda gani. Ningependa waajiri wa mjini kwetu wakanywe kahawa Iringa, waone jinsi mpango mdogo wa kalamu na karatasi unavyotosha kuendesha mgahawa mzima.

Ukienda, nenda saa za kazi siku ya katikati ya wiki ili uwakute mafundi kwenye mitambo ya kufumia, siyo dukani peke yake. Kama unataka kadi za mwaliko, agiza mapema sana kabla ya vikao vya harusi kupamba moto, kwa sababu karatasi ya kukaushwa haiharakishwi, hasa msimu wa mvua.