Maiki ya kubana kwenye kola: uzoefu wangu kwa video za nyumbani

Maiki hii nimeitumia kwa simu na kwa kamera. Ni ya waya wa mita 6, inanasa sauti kutoka pande zote, ina kibetri cha LR44 na swichi ya kuchagua simu au kamera. Nimeilinganisha na maiki ndefu ya kuelekeza inayokaa juu ya kamera. Kwa chumba cha kawaida ya kola inashinda bila ubishi, japo ndiyo ya bei nafuu.

Siri ni umbali. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya msemaji hupungua takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kutoka sentimita 20 za kolani hadi mita 2 za kamera umepoteza kama desibeli 20, huku mwangwi wa kuta na mvumo wa feni ukibaki vilevile. Ndiyo maana mtu husikika kama anaongelea ndani ya pipa. Maiki ya kuelekeza hufaa ukiining'iniza juu ya kichwa cha msemaji, nje kidogo ya picha.

Maiki ya kola ibane shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na kitambaa kinachochakarisha. Kisha kunja waya uwe kitanzi kidogo na ukibane pamoja na maiki: waya ukivutwa, mtikisiko unaishia kwenye kitanzi, hausikiki kama kishindo.

Kinachowakwamisha wengi ni pini, ile ncha ya waya inayochomekwa. Yenye mistari myeusi 3 ni ya simu; yenye 2 ni ya kamera. Ukikosea, mara nyingi simu huendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani wala haikuambii kitu. Jipime hivi: anza kurekodi, kwaruza kichwa cha maiki taratibu kwa ukucha, kisha sikiliza. Mkwaruzo usiposikika mkubwa na wa karibu, maiki haijashika. Simu isiyo na tundu la pini inahitaji adapta, na si kila adapta inapokea maiki. Nyingine ni za kusikilizia tu.

Kwenye kamera, zima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha. Ukinyamaza, kamera hupandisha sauti ikitafuta cha kunasa, na chenga zinajaa katikati ya sentensi. Weka kiwango kwa mkono, maneno makali yafike kama desibeli -12 kwenye kipimo cha kamera, ambapo 0 ndiyo mwisho. Sauti ikigonga 0 inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Sponji inayofunika kichwa cha maiki usiivue hata ndani ya nyumba, kwa sababu inapunguza pumzi za "p" na "b".

Kasoro zipo. Swichi ikisahauliwa upande wa kamera, betri inakwisha kimyakimya, kwa hiyo weka ya akiba. Waya wa mita 6 ni kero ukiwa karibu na simu. Uviringe kwa duara pana, usiukaze penye shingo ya pini. Hapo ndipo nyuzi za ndani hukatika, na dalili yake ni mkatiko wa sauti ukiizungusha pini. Anayetembea sana achukue isiyo na waya, lakini asifiche kisambazaji (kifaa kinachorusha sauti) mgongoni huku akiitazama kamera: mwili huzuia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 ambayo nyingi hutumia, na sauti hukatika.