Pakiti ya stevia ambayo ndani yake si stevia

Nimeutumia unga huu wa kutia utamu badala ya sukari miezi minane. Daktari alikuta presha imepanda kidogo, akaniambia nipunguze sukari, nami ni mtu wa chai: vikombe vinne kwa siku, vijiko viwili kila kikombe. Nikachukua pakiti yenye picha ya jani na neno STEVIA, mmea wenye majani matamu, kubwa kama bango.

Kwenye chai unayeyuka haraka, hilo nausifu. Ila ulambe mkavu kiganjani: ulimi unapoa kana kwamba umemumunya pipi ya mnanaa. Ubaridi huo ndio ulionifanya nigeuze pakiti. Maandishi ya nyuma ni madogo mno, ikabidi niyapige picha kwa simu ndipo niyakuze. Kiambato cha kwanza: erithritoli, kitamu kingine kinachotumika badala ya sukari. Stevia imekaa mkiani. Si ajabu, maana stevia ni tamu kuliko sukari mara 200 hadi 300, kwa hiyo chembe mbili tatu zinatosha. Kinachojaza kijiko ni hiyo erithritoli. Basi si wangeandika hivyo mbele?

Mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walieleza katika jarida la Nature Medicine kwamba wagonjwa waliokuwa na erithritoli nyingi kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi katika miaka mitatu iliyofuata. Wakawanywesha watu wanane wenye afya gramu 30 za erithritoli. Damuni ikabaki juu zaidi ya siku mbili. Maabara ilionyesha kuwa inazifanya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ziwe nyepesi kugandana. Mwili wenyewe hutengeneza erithritoli kidogo, na wengi wa wale wagonjwa moyo wao ulikuwa na shida tangu mwanzo, kwa hiyo huo si ushahidi kwamba unga ndio uliowadhuru. Nakubali. Lakini nilipima kijiko changu kwenye mizani ya jikoni: gramu nne. Mara vijiko vinane, gramu 32 kwa siku. Wao walikunywa kwa mkupuo, mimi kwa awamu, ila hesabu ile ilinitoa usingizi.

Nikafikiria kuhamia sukralosi, kitamu kingine cha badala ya sukari. Kumbe huko nako: utafiti wa Ufaransa wa 2022, watu zaidi ya laki moja, uliihusisha na maradhi ya mishipa ya moyo, nayo aspatemi, kitamu kingine tena, ukaihusisha na kiharusi. Nao ni uhusiano tu, ila hamu iliniisha.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya kunivusha kutoka vijiko viwili vya sukari, ya pili ni ya kuyeyuka vizuri. Mwenye kisukari aongee na daktari wake kwanza, hesabu yake si kama yangu. Mimi sasa natia nusu kijiko cha sukari yenyewe asubuhi, vikombe vingine vitatu navinywa bila sukari. Cha jioni bado nakinywa nimekunja uso.