Usajili wa ardhi ya jamii Kenya: nyota mbili kati ya tano

Sheria ya Ardhi ya Jamii, Nambari 27 ya 2016, ilianza kutumika tarehe 21 Septemba mwaka huo, baada ya Bunge kujiongezea mwaka mmoja juu ya mitano iliyopewa na Katiba. Huduma yenyewe ni rahisi kuieleza: jamii inaingia na ardhi ya mababu isiyo na karatasi, inatoka na hatimiliki ya pamoja. Sheria inasema wazi kwamba haki za kimila zina nguvu sawa na umiliki mwingine wowote. Kwa maandishi hayo pekee tungetoa nyota nne. Mbili zimepotelea kati ya kaunta ya ofisi ya ardhi na msitu.

Wengi huuliza kwa nini wahangaike na makaratasi wakati kila mtu anajua ardhi ni yao. Jibu liko kifungu cha 6. Ardhi isiyosajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Kaunti haina ruhusa ya kuiuza wala kuigeuza ya kibinafsi, na kipande kikitwaliwa kwa mradi wa umma, fidia inapaswa kukaa kwenye akaunti maalum yenye riba hadi jamii isajiliwe. Maneno mazuri, ila mshika dhamana huyo ndiye huyo huyo anayemkaribisha mwekezaji. Ni fisi kuachiwa bucha. Tazama Marsabit: ekari 150,000 za mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ziligawiwa enzi za baraza la kaunti, kabla ya ugatuzi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilikuja kusema tarehe 19 Oktoba 2021 kwamba hatimiliki zilitolewa bila kufuata utaratibu. Wakati huo mitambo ilikuwa inazunguka tayari.

Sasa kazi yenyewe. Msajili wa ardhi ya jamii anatangaza mkutano wa wote wenye haki katika ardhi hiyo. Mkutano unachagua kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15. Kamati inaandaa sajili ya wanajamii na kanuni, kisha inapeleka kwa msajili jina la jamii, sajili, muhtasari wa mkutano na kanuni hizo. Hapo jamii inapata cheti, na hapo ndipo ng'ombe huchinjwa mapema. Cheti hicho kinasajili watu, hakisajili udongo. Upimaji na hatimiliki ni safari nyingine, na jamii inayotawanyika baada ya sherehe hukuta miaka miwili baadaye kwamba hakuna aliyeulizia mpimaji.

Sajili ndiyo roho ya kazi hii na ndiyo inayoharibika zaidi. Akidi ya mkutano mkuu, yaani idadi ya chini ya waliohudhuria ili uamuzi uwe halali, ni theluthi mbili ya wanajamii watu wazima. Wakiandikwa 900, wanahitajika 600 uwanjani. Sasa chukua sajili iliyonakiliwa bila kusafishwa kutoka ranchi ya kikundi ya zamani, yaani ardhi ya malisho iliyosajiliwa kwa kundi la wafugaji, yenye marehemu 90. Bado mnahitaji 600, lakini walio hai ni 810, yaani karibu watu watatu kwa kila wanne lazima wafike. Mkutano unaahirishwa, unaahirishwa tena, kisha mtu anapendekeza "tujaze tu sahihi". Siku hiyo mmempa adui wenu sababu ya kwenda mahakamani.

Kosa lingine la sajili za zamani ni kuandika wenye boma wanaume peke yao. Sheria hairuhusu. Mwanamke aliyeolewa ndani ya jamii ni mwanajamii, na mabinti watu wazima pia. Kuna na ujanja wa kinyume chake, wa kuingiza wageni. Kuuza ardhi, kuigeuza, au kukubali mkataba wa mwekezaji kunahitaji theluthi mbili, kwa hiyo anayetaka kuuza kesho anaanza kupanda majina leo. Dawa ni ya kizamani lakini inafanya kazi: someni sajili kwa sauti kijiji kwa kijiji, ibandikeni ofisi ya chifu, na kila mstari uwe na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba yake, kijiji, na sahihi au kidole gumba.

Kwenye mipaka, tangazo la nia ya kupima linadumu siku 60, na humo ndimo wenye madai hujitokeza. Jamii inayosubiri siku hizo ndipo ianze kuzungumza na jirani imechelewa. Tembeeni mpaka na wazee wa upande wa pili kabla ya tangazo, andikeni makubaliano, na malisho ya kiangazi yanayotumiwa na pande zote yatajwe humo. Msiandike "mpaka ni lugga", yaani mkondo wa mto wa msimu, na kuishia hapo, maana lugga huhama baada ya mafuriko makubwa. Jamii zilizotoka kwenye ranchi za kikundi, kama Il Ngwesi ya Laikipia iliyo miongoni mwa za mwanzo kupata hatimiliki, zilikuwa na ramani na majina tangu awali. Zisizokuwa na chochote ndizo zinazohitaji huduma hii zaidi, na ndizo zinazohudumiwa kwa kusuasua zaidi.

Kuhusu kitu kidogo: mara nyingi hakiombwi kama hongo. Ni "mafuta ya gari la mpimaji", ni "chai ya kutafuta faili". Ombeni kila dai la malipo kwa barua, na risiti rasmi. Faili ikiwa "haionekani", tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari, iliyoanza siku ile ile na hii ya ardhi, jambo ambalo ofisini hawapendi kukumbushwa. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, ofisi ina siku 21, inaweza kuongeza 14 mara moja, na kunyamaza kunahesabiwa kuwa ni kukataa. Hapo mna siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman). Msiulize "kwa nini mnachelewesha". Ombeni nakala ya ukurasa fulani: orodha ya ardhi isiyosajiliwa ambayo kaunti ilitakiwa kuiwasilisha kwa Waziri, au barua ya mwisho kwenye faili yenu. Ombi la namna hiyo ni gumu kulikwepa.

Hadi hapa ni huduma ya polepole inayosukumika. Kwa jamii za msituni haisukumiki kabisa, na tatizo limo ndani ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 63(2)(d)(ii) kinahesabu ardhi za mababu wa wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Kifungu cha 62(1)(g) kinahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, na msamaha wake unataja 63(2)(d)(i) tu, yaani misitu ya jamii, malisho na matambiko. Kile kipengele cha pili kimeachwa nje. Mwogiek, mtu wa mojawapo ya jamii hizo za wawindaji, anayefika kaunta ya usajili anaambiwa msitu ni wa umma na ombi linaishia hapo.

Waogiek wa Mau walikwenda mbali zaidi ya kaunta. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Serikali ikaunda kikosi kazi cha utekelezaji mwaka huo, kingine mwaka uliofuata. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama iliamuru fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, mfuko wa maendeleo ya jamii ndani ya miezi 12, na hatimiliki ya pamoja ndani ya miaka miwili. Novemba 2023 nyumba zilibomolewa Sasimwani, Narok. Juni 2024 miaka miwili iliisha bila hatimiliki. Waendorois, wafugaji wa Ziwa Bogoria, waliitangulia njia hiyo: uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu wa mwaka 2009, uliotangazwa 2010, kikosi kazi mwaka 2014.

Kwa wafugaji wenye ranchi ya zamani: nyota tatu, anzeni sasa. Kwa wafugaji wasio na ramani: mbili, na tengeni fungu la safari za makao makuu ya kaunti. Kwa watu wa msituni: sifuri. Hata hivyo andaeni sajili na ramani kwa viwango hivi hivi. Siku amri ya kupima itakapotekelezwa, swali la kwanza la mpimaji litakuwa ni nani wenye ardhi na mpaka uko wapi, na aliye tayari na jibu kwenye karatasi ndiye atakayelijibu.