Semina ya wazee wa kanisa hapa Malindi, nyota nne, ya tano imepotelea kwenye somo la pesa za sadaka

Kuna watu wameniuliza kama hii semina ya wazee wa kanisa inayofanywa hapa Malindi mjini inastahili hiyo shilingi mia tano ya kiingilio, jibu ni ndio, ila mwende mkijua mnachoendea. Mia tano ni chai, chakula cha mchana na kijitabu chembamba. Ukumbi uko upande wa Barani, tuktuk hazisumbui, feni moja ndio inafanya kazi na ile nyengine inapiga kelele tu, kwa hivo wahi ukae dirishani.

Asubuhi yote ni Biblia na hapo hawakubahatisha. Walianza na Matendo 14, Paulo na Barnaba wanachagua wazee katika kila kanisa, yaani sio mzee mmoja mwenye kanisa lake, ni wazee, halafu zile sifa za 1 Timotheo 3 na Tito 1, asiwe mlevi, asipende fedha, nyumba yake aisimamie vizuri, ashuhudiwe vyema hata na walio nje. Hiyo ya walio nje mwalimu aliing'ang'ania na hapo nikampenda, akasema huku Malindi walio nje ndio jirani zako Waislamu na yule wa dukani anayekukopesha unga, sasa daftari la dukani limejaa jina lako na hulipi, Jumapili unasimama mbele unatangaza nini? Kimya. Mzee wa mbele yangu akajikuna kisogo.

Kingine kizuri hawakujifanya makanisa yote ni mamoja, maana tulichanganyika mle ndani. Kwa Wapresbiteri mzee anawekewa mikono na anapewa familia za mtaa fulani azitunze, kwa Wasabato mzee ndiye anabeba ibada Sabato nyingi kwa vile pasta mmoja ana makanisa mengi, na haya makanisa yetu ya kiroho mara nyingi pasta anajichagulia wazee mwenyewe. Hapo mama mmoja akainuka akauliza, sasa kama ni yeye amekuchagua, siku akikosea utamwambia nini? Tangu Shakahola 2023, waumini wa mhubiri mmoja wanaosemekana kuambiwa wafunge mpaka wafe, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa kwenye msitu wa kaunti yetu hii hii, swali kama hilo huku haliulizwi kwa kupoteza wakati. Mwalimu akajibu na Matendo 20, Paulo alivyowaita wazee wa Efeso kule Mileto akawaonya kwamba mbwa mwitu watakuja na wengine watatoka katikati yao wenyewe, akaongeza 1 Timotheo 5, mashtaka juu ya mzee yataka mashahidi wawili au watatu, lakini anayeendelea na dhambi akemewe mbele ya wote. Jibu zuri. Ila barua inaandikwa kwa nani, kikao anaitisha nani, hapo tukaachwa hewani.

Mchana ndio utamu wenyewe. Mnafanya mazoezi ya kutembelea mgonjwa, ile ya Yakobo 5. Mama mmoja akalala kwenye benchi kajifunika leso, wazee watatu wakabisha hodi, wakaingia, wakaimba, wakaomba kwa sauti mpaka nje wanasikia, wakampaka mafuta, wakaaga. Mama akafunua leso akasema, wazee wangu, hamjaniuliza hata kama nimekunywa uji. Tulicheka lakini wale watatu walirudishwa mlangoni waanze upya, na mara ya pili walikaa chini, wakauliza dawa anapewa na nani, maji ya nyumbani anachota nani, maombi yakaja mwisho na yakawa mafupi. Kwangu mie hiyo peke yake ilitosha mia tano.

Sasa lawama. Sadaka ilipewa dakika chache za mwisho. Walionyesha tu kwamba watu wawili wanahesabu pamoja mezani, wanaandika kwenye kaunta buku na kutia sahihi kabla bahasha haijatoka chumbani, sawa, lakini siku hizi sadaka nyingi inaingia kwa M-Pesa, na kama namba ni ya simu ya mtu binafsi wazee wanakagua nini? Mkono ulikuwa juu, muda ukaisha. Tena hakikuguswa kabisa kitu cha huku kwetu Kilifi, watu wenye mvi kusingiziwa uchawi mpaka wanauawa, na kumbe wakati mwengine kinachotafutwa ni shamba. Mzee wa kanisa anajua boma lenye maneno hayo kabla chifu hajajua, angefundishwa akifika pale aseme nini na ampigie nani.

Pilau na kachumbari sina neno. Wakirudia, pelekeni wale waliochaguliwa juzi juzi, na mhazini wenu aende naye akaulize mambo ya M-Pesa asubuhi mapema, maana ikifika saa kumi na moja mwenye ukumbi anaanza kukusanya viti mkiwa bado mmevikalia.