TAHADHARI: Kadi ya Mantle ya 1952 inayouzwa kwa dola 1,800

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mnaofanya kazi ya kulea wazee, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp akiuza kadi ya besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya. Hii ni ya Mickey Mantle, mchezaji maarufu wa zamani, ya kampuni ya Topps, mwaka 1952. Kiswahili chake safi, kila mtu kwake ni kaka au dada. Anasema alimhudumia mzee wa Kizungu mpaka akafariki, familia ikampa boksi la vitu vya marehemu, na humo ndimo alimoikuta kadi. Sasa anadaiwa na mwanasheria wa uhamiaji, ndiyo maana anaiachia kwa dola 1,800. Shemeji yangu alikuwa tayari kulipa. Kwa kuwa mimi ni mkusanyaji wa kadi hizi, alinipitia twende tukaione kwanza. Ni feki.

Kinachowanasa watu ni kwamba mengi anayosimulia ni ya kweli. Kweli kadi moja halisi kama hiyo iliuzwa mnadani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Kweli pia kwamba Topps walichelewa kutoa fungu la mwisho la mwaka ule, linaloanzia namba 311, ambayo ndiyo ya Mantle. Msimu ulikuwa unaisha, watoto hawakuwa na hamu tena, mzigo ukadoda. Miaka kadhaa baadaye Sy Berger, mmoja wa waliozibuni, akapakia maboksi yaliyobaki kwenye tishari na kuyamwaga baharini karibu na New Jersey. Naipenda sana habari hiyo, na kadi yenyewe naipenda zaidi: ile buluu ya anga nyuma ya kijana wa timu ya Yankees, gongo begani, saini yake chini. Ndiyo maana inaniuma kuona inatumika kuwaibia watu wanaokesha kazini.

Sasa angalieni. Kadi halisi ya 1952 ni kubwa kuliko za kawaida, takriban sentimita 6.7 kwa 9.5. Ya huyu jamaa niliipima kwa rula: 6.4 kwa 8.9. Hicho ndicho kipimo cha kadi za kisasa, na ndicho Topps wenyewe walichotumia mwaka 1983 walipochapisha upya seti ile. Nakala zile za 1983 zina maandishi nyuma yanayosema ni marudio. Kwenye hii, sehemu hiyo imekwanguliwa mpaka karatasi imeota manyoya. Madoa ya "uzee" yalikuwa yananukia kahawa. Tena anadai ni kadi ya kwanza kabisa ya Mantle, wakati kampuni ya Bowman ilitoa ya kwake mwaka 1951.

Nilipomwambia tuipeleke ikapimwe na PSA au SGC, kampuni zinazokagua kama kadi ni halisi na kuifunga kwenye kasha, akasema hana muda, na kwamba kuna mteja mwingine njiani. Msikubali. Kadi hii, hata iliyochakaa, ina thamani ya maelfu mengi ya dola, na mwenye nayo kweli hawezi kukosa subira ya kuipima. Mkionyeshwa iliyokwisha kufungwa kwenye kasha la plastiki, msitulie bado, maana makasha nayo yanaghushiwa. Ingizeni namba iliyo kwenye lebo katika tovuti ya kampuni iliyoipima, na kama kuna picha, linganisheni kona kwa kona.

Anataka alipwe kwa Zelle tu, ile huduma ya kutumiana hela kupitia benki. Hela ikishatoka huko, kuirudisha ni kazi kubwa.

Kama umeshamlipa, piga simu benki leo hii, halafu ripoti IC3, kitengo cha FBI cha utapeli wa mtandaoni. Usifute meseji zake, na kadi usiitupe wala kuiuza. Kama ilikuja kwa posta, hifadhi na bahasha pia, kwa sababu wapelelezi wa posta ya Marekani nao wanashughulikia kesi za namna hii.