Picha za Mirihi za HiRISE: bure kabisa, ila chunga bando

Nina kama miezi miwili napekua tovuti ya picha za HiRISE, na nimeona niandike maana watu wanasambaziana picha za Mirihi zilizokatwakatwa na kuongezwa rangi bila kujua zinatoka wapi, kumbe unazipata kwenye chanzo bila kulipa hata mia.

HiRISE ni kamera, imefungwa kwenye chombo cha NASA kinaitwa Mars Reconnaissance Orbiter, kilirushwa 2005 kikafika 2006, na kamera yenyewe wanaiendesha Chuo Kikuu cha Arizona. Inapiga kutoka kilomita kama 300 juu ila pikseli moja ni sentimita 25 hadi 30 za ardhi, yaani jiwe la ukubwa wa meza ya kulia unaliona kabisa na kivuli chake.

Usiku wa kwanza nilijichanganya mwenyewe, nikabonyeza faili la JP2, yaani picha kamili isiyopunguzwa, kwenye simu bila kuangalia ukubwa, bando la wiki likakata kabla hata halijafika nusu. Hayo ni mamia ya megabaiti jamani! Yaache kwa kompyuta, tena uwe na programu yao ya HiView, nayo ya bure. Kwa simu shusha zile JPEG ndogo, zinatosha sana.

Kilichonitesa zaidi ni macho. Naangalia kreta, yaani shimo la kugongwa na kimondo, naiona imevimba kama andazi, nikajua picha mbovu. Kumbe macho yetu yamezoea mwanga utoke juu, na hiki chombo kinapita mida ya saa tisa alasiri ya kule Mirihi, kwa hiyo kwenye picha zilizopangwa kiramani, kaskazini ikiwa juu, mara nyingi jua linapiga kutoka kushoto. Nikafunga ile ya skrini kujizungusha, nikailaza simu upande hadi kushoto kukawa juu, andazi likabonyea palepale likawa shimo! Siku hizi hata sigeuzi, naangalia tu ukuta wa kushoto, ukiwa gizani ni shimo, uking'aa ni kilima.

Rangi sasa. Ule mchanga wa bluu usikudanganye, wamechanganya infraredi (mwanga ambao macho yetu hayauoni), nyekundu na bluu-kijani ili miamba itofautiane, ukisimama pale hutauona hivyo. Halafu rangi iko kwenye kamstari ka katikati tu, kama kilomita moja kati ya sita za upana wa picha, pembeni kote ni nyeusi na nyeupe, hapo nilinyong'onyea kidogo.

Ila ukitaka kushangaa nenda ncha ya kusini uone "buibui". Barafu ya kaboni dioksidi inapigwa na jua baridi ya kule inapoisha, mwanga unapenya hadi chini na kupasha ardhi, barafu ya chini inageuka gesi, gesi inajaa inakosa pa kutokea, mwisho inapasua na kuacha mifereji imetawanyika kama miguu. Nilikaa na picha moja mpaka chai ikapoa.

Nyota nne. Ya tano naishikilia kwanza, kuna huduma yao ya HiWish toka 2010, mtu yeyote anapendekeza sehemu ya kupigwa picha, nami nimeomba ukingo mmoja wa Valles Marineris, lile bonde kubwa la Mirihi, foleni ni ndefu ila nasubiri.